Mizani ya Isyonje

Dakika saba kwa diwani,
dakika saba kwa yule aliyemshinda kwenye kura.
Mimi ndiye nashika saa.
Sekunde moja ikizidi, simu italia,
na anayepiga si msikilizaji.

Diwani anasema lumbesa imekwisha katani kwake,
gunia ni kilo mia, kama sheria inavyotaka.
Mwenzake anasema ni mia na arobaini na tatu.
Nami, kwa sauti niliyoipiga pasi kama shati la Jumapili:
"Mpendwa msikilizaji, umezisikia pande zote mbili.
Kazi ni kwako."

Kazi ni kwake!
Kana kwamba uzito wa viazi hupigiwa kura.

Jana nilikuwa Isyonje.
Ukungu umekaa barabarani kama mtu aliyekosa nauli,
na Tumwitike ameinamia gunia,
analivisha kilemba cha majani na kamba.
Dalali akalisukuma kwa goti: "Ongeza, mama. Bado linapumua."
Akaongeza.
Akaongeza tena, viazi vina udongo mbichi,
vingine vidogo kama vifundo vya vidole vyake.

Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa kijana wa duka la mbolea.
Tukalinyanyua watu wanne, boriti ya banda ikalia.
Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukatulia.
Mia na arobaini na tatu.
Mshale haukumuuliza Tumwitike ana kadi ya chama gani.
Haukuniuliza mimi chai nimenywea kwa nani.

Leo asubuhi, matope ya Uporoto yakiwa bado kwenye soli,
nikaiweka namba ile mezani kwa Mhariri Mwalwisi.
Akaitazama kama anavyotazama ankara ya umeme.
"Ukiitangaza hii utakuwa umeegemea upande."
"Upande wa nani?"
"Wa aliyeitaja."

Kumbe namba ikishapita kinywani mwa mwanasiasa
inavalishwa sare,
hata kama ilizaliwa uchi, shambani, kabla yake.

Wala simtetei huyo aliyeitaja.
Mwezi uliopita alisema zahanati haina kitanda hata kimoja.
Nilikwenda, nikahesabu kumi na viwili,
kimoja kina mgonjwa aliyenipungia mkono.
Naye tulimpa saba zake,
na vitanda kumi na viwili vikawa "madai ya upande wa pili".

"Sisi ni mizani, binti," Mhariri akasema,
"hatulali huku wala kule."
Nikanyamaza, nina kodi ya chumba pale Mwanjelwa.
Lakini mizani isiyolala kokote,
ama haijawekewa kitu,
ama imekufa.

Lwitiko wa mitambo, mtu wa amani,
ananiambia ukweli huwa katikati.
Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya matangazo:
katikati ya mia na mia na arobaini na tatu
ni mia na ishirini na moja na nusu.
Kwa hiyo hata kwa amani yake Lwitiko,
kilo ishirini na moja na nusu za jasho la Tumwitike
zinapanda lori bure,
zinashuka Kitonga usiku bila tiketi,
zinakaangwa mbali, na mtu asiyemjua
anazinyunyizia chumvi.

Taa nyekundu bado inawaka.
Wageni wamevua vipokea sauti, wanapeana mikono,
wanaulizana habari za watoto.
Zimebaki sekunde kumi na moja kabla ya tangazo la mbegu.
Kumi.
Tisa.
"Mimi," nasema, na sauti si ile ya pasi,
"jana nilikuwa Isyonje. Gunia nililipima.
Mia na arobaini na tatu."

Simu imeshaanza kulia.
Nyuma ya kioo, Lwitiko ameinua mkono hajui aushushe wapi,
na kwenye mtambo wake mshale wa sauti
unaruka, unatetemeka,
unatulia.