Njia Namba Sita

Wiki ya kwanza nilivijua vyoo vyote
vya njia namba sita, Poznań:
cha Rataje, mlango wake haufungiki;
cha duka la maua la Bibi Halszka,
aliyenionyesha ufunguo ulipo
bila kuuliza neno.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wa sukari alikuja na jembe lake,
akanilima matumbo.

Jumanne nilisimamisha tramu kwenye theluji,
nikawatangazia abiria: reli imeganda.
Haikuganda.
Nilikuwa nimebana, nahesabu pumzi,
jasho linanitoka chini ya koti la kampuni.

Ulimi una ladha ya sarafu.
Kabichi chachu ya mamamkwe,
niliyoisifu kwa uongo miaka ishirini,
sasa siisikii hata kidogo.
Hapo dawa, ahsante.

Daktari akapunguza: nusu kidonge,
katikati ya mlo, kamwe si tumbo tupu.
Nikakizika ndani ya mkate mweusi
kama anayemficha paka.

Leo, siku ya kumi na tisa,
kipimo kimesoma tisa. Bado.
Lakini nimepita dukani kwa Halszka bila kushuka,
nikapiga kengele.
Akauinua ufunguo dirishani,
akaurudisha kwenye msumari,
pale pale nitakapouona.