Sarafu ya Lifti

Lifti yetu hapa Tbilisi haipandi bure;
yataka sarafu kwanza, kama mganga.
Jana Nanuli wa ghorofa ya tisa,
magoti yakimlia kama bawaba kavu,
alipekua mkoba: risiti, kidonge, mbegu za alizeti.
Sarafu hamna.
Akabonyeza tisa, kwa hasira tu.

Ikapanda!

Alicheka peke yake hadi juu,
akamsimulia paka,
kisha akanipigia simu, saa nne usiku,
anadai Mungu anamjua kwa jina.

Nikasikiliza, nimejilaza na viatu.
Jioni ile nilitumbukiza yangu,
nikakumbuka mkate, nikatoka mbio;
niliporudi imeliwa,
nikapanda ngazi nikilaani.

Sikumwambia.
Nikalala nimeshiba,
mkate mzima mezani.