Tenki la Juu

Mimi ni fundi bomba hapa Isyonje.
Najua maji: hayapandi kwa kubembelezwa.
Bomba likipasuka bondeni, nyumba za juu
zinaamkia ndoo tupu,
natukanwa kwa Kisafwa na kwa Kinyakyusa.

Damu sikuijua
mpaka Tusajigwe alipoanguka kutoka juu ya lori la viazi,
na gunia la lumbesa likamfuata.

Uti wa mgongo: hilo tulielezwa, tukalilia, tukalizoea.
La pili halikuwa na jina nyumbani kwetu.
Ukimwinua tu aketi,
midomo inageuka majivu,
macho yanakwenda,
damu yote imeshakimbilia miguuni.
Nikimlaza, anarudi. "Nilikuwa wapi?"
Miaka miwili mke wangu aliishi na dari.
Misumari mia moja na kumi na tisa.
Mmoja umepinda.

Daktari wa Mbeya alichora nyuma ya karatasi ya dawa:
shingoni kuna mpimaji, kila pigo anapeleka habari,
na amri hushuka kwa njia ya mgongo: kazeni mishipa!
Sasa amri inafika kwenye mvunjiko, inageuza.
Nikasema, "Pampu nzima, tenki zima,
waya wa boya ndio umekatika."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Ndivyo."

Wakamshonea kisanduku chini ya mbavu,
kama kipande cha sabuni iliyotumika.
Kinasikiliza presha, kinazigongea neva chini ya jeraha.
Miguu haikurudi. Miguu hatukuahidiwa.
Kila usiku namfunga mkanda wa chaji;
umeme ukikatika, natoka na mvua
kuomba betri ya pikipiki kwa jirani.

Jumanne, ukungu ulipoinuka, nami nikamwinua.
Nikasubiri majivu.
Moja. Mbili.
Nikafika arobaini.
Midomo ikabaki midomo.

Akatazama dirishani: Rungwe, yote, hadi mabegani.
Akatazama kabati, juu yake,
pale ambapo mtu aliyelala hapaoni.
"Ambilikile," akasema,
"hilo vumbi ni la mwaka gani?"

Nikaenda kutafuta kitambaa.
Jikoni nikafungua koki, maji yakaja kwa nguvu,
nikayaacha yamwagike,
mimi, ninayewafokea watu kwa kosa hilohilo.