Vijiti Sita

Fonti mia nne na kumi na moja
zimo ndani ya kompyuta hii, nimezihesabu
leo saa tatu asubuhi, theluji ikichuruzika dirishani
hapa Hódmezővásárhely,
na sijapata hata moja ya kumwandika sawasawa
marehemu Szűcs Győző.

Mjane wake, Bi Piroska, amekaa nyuma yangu,
mkoba magotini, kofia hajaivua.
"Ile," anasema, "ile yenye mikia."
Nabofya ile yenye mikia.
S inajikunja kama paka kitini,
z inaburura pindo lake hadi ukingoni mwa karatasi,
kisha juu ya u, panapotakiwa vijiti viwili vilivyoegama,
programu inaweka kofia.
Juu ya o inaweka wimbi.
"Huyo ni nani?" anauliza Bi Piroska.

Nashuka na orodha.
Ya kadi za harusi inaacha visanduku vitupu,
mapengo ya mtoto siku ya kupigwa picha.
Ya magazeti vijiti inavyo, lakini imenenepa,
imekuja msibani na mabuti.
Ya tatu naipenda mwenyewe,
niliilipia forinti elfu kumi na mbili. Uzuri wa mkakasi:
naandika herufi, inanirudishia alama ya kuuliza.
Sz?cs Gy?z?
Kana kwamba hatuna hakika aliyekufa ni nani.

Nikahifadhi. Ikajifunga. Nikafungua.
*Fonti haipo. Imebadilishwa.*
Nani kakutuma?

Kwa asiyeijua lugha yetu:
hiyo ő, ikisimama peke yake, ni neno zima.
Maana yake ni *yeye*.
Mwanamume, mwanamke, haiulizi.
Basi tangu asubuhi namtafuta yeye
kwenye menyu,
napandisha, nateremsha,
na yeye hayupo.

"Miaka thelathini na minane alisoma mita za maji,"
anasema Bi Piroska, "na kila hati ya mshahara
walimwandika kwa o tupu.
Kila mwezi akairudisha dirishani.
Wakampa jina: Győző Vijiti."
Anacheka, halafu anatafuta leso.

Namwonyesha ile ya kawaida, iliyokuja na kompyuta,
ile ya bili, ya matangazo ya lifti mbovu.
Ina kila kitu. Vijiti vyote sita, vimenyooka.
Anaitazama kwa muda.
"Hiyo," anasema, "ni ya ofisi ya maji."

Saa sita mchana nilikata tamaa.
Nikachapa ile yenye mikia, nakala sitini,
u tupu, o tupu, tena o tupu,
nikaingia chumba cha nyuma kutafuta kisu cha kukatia kingo.
Niliporudi kofia ilikuwa mezani,
kalamu yangu nyeusi mkononi mwake.

Sita kwa kila karatasi. Mia tatu na sitini.
Alihesabu kwa midomo, bila sauti.
Vingine virefu, vingine vimelala mno,
kimoja kiligusa mkia wa z, wino ukatanda,
akakipuliza, akaendelea.

Nilikaa nikimkaushia.
Kwenye ya arobaini na kitu nikaona mstari wa mwisho,
anwani ya makaburini:
katika jina la mji, o imebaki kichwa wazi.
Nikamwonyesha kwa kidole.

Hakuinua macho.
"Mji utajijua," alisema.