Tairi la Theluji

Kizota, asubuhi, Desemba.
Wingu limekaa juu ya reli kama mgeni asiyepiga hodi.
Matairi yamepangwa kimo cha mtu,
ndani yake maji ya jana na viluwiluwi vya mbu.
Chitema anayapiga kisigino, moja moja:
"Hili jipya, mama, laki na arobaini.
Hili la Mchina, laki kasoro.
Hili mtumba, sitini, kwa vile ni wewe."

Kwa vile ni mimi.
Mimi niliyelala ndani ya kirikuu, Machi ile,
mbele kidogo ya Chali
(kijiji kina jina, nacho kilinitahadharisha),
ndoo tisa za perege nyuma
na barafu ikiyeyuka, tone, tone,
kama mtu anayehesabu hela za mwenzake.
Nzi walifika kabla ya trekta.

Walioupa mji huu jina, wanasema,
walimwona tembo amezama topeni: idodomya.
Tembo. Miguu minne na hana mkopo.
Mimi nina magurudumu ya inchi kumi na mbili
na marejesho ya kikundi kila Ijumaa.

Basi sinunui kwa macho.
Naingiza sarafu ya mia mbili kwenye kashata;
ikizama hadi masikio ya simba, kuna maisha.
Napitisha kiganja ubavuni, natafuta uvimbe,
kimya, kama mkunga.
Nyemo, wa kidato cha pili, amechuchumaa,
anasoma namba nne zilizofungiwa kwenye kiduara:
"Wiki ya thelathini na nane, mama, mwaka kumi na tisa."
Kisha kidole chake kinagoma.
"Na hii?"
Kimlima chenye vilele vitatu,
na tumboni mwake ua la ncha sita.

Chitema anacheka. "La theluji hilo.
Japani, kaskazini kabisa,
barabara inakuwa nyeupe mpaka kiunoni.
Baridi ikiisha wanalivua. Wakilichoka, sisi hao."

Theluji.
Naijua ya kalenda ya benki, ukurasa wa Julai.
Nabonyeza mpira: laini, unaitika,
kama kisigino cha mtoto ambaye hajakanyaga chini.
Mifereji mipana, na kila kitofali cha mpira
kimechanjwa chale nyembamba, chale pembeni ya chale.
Mganga gani huyo alikuwa na subira hivi?

"Ila nikwambie," Chitema anashusha sauti,
"ingawa ukweli hauuzi.
Kwenye tope litang'ata. Lakini lami yetu hii,
saa nane mchana, italimega kama ugali.
Ukilisahau mguuni, Oktoba unarudi na kipara."

Naazima kalamu ya Nyemo, naandika kiganjani.
Mawili ya nyuma, ndiyo yanayosukuma.
Ya mbele yavumilie.
Mvua ikikata nayavua,
nayalaza chini ya kitanda, jua lisiyaone.
"Hamsini na tano."
"Hamsini na nane."
"Na unifungie bure."
Akanyamaza. Wingu likadondosha tone moja
kwenye karai la kupimia pancha.
"Leta jeki," akamwambia kijana wake.

*

Sasa ni Juni.
Mbuga imekauka, imepasuka
kama uji uliosahauliwa sufuriani.
Sitasema nilipaa: nilikwama mara moja, Februari,
nikachimba kwa sahani, nikatoka na samaki wangu wabichi.
Matairi yako chini ya kitanda, yamefunikwa kiroba.
Nyemo anayaita wageni.

Lakini njia ya Chali, palepale,
tope limegeuka saruji na limeshika alama:
mifereji ile, chale zile,
mstari mrefu wa baridi ya watu nisiowajua.
Mbuzi wa Mama Mwaluko wanapita juu yake,
wanaacha vinyesi.

Nilizima gari.
Nikavua kandambili, nikaweka mguu ndani ya alama.
Ilikuwa ya moto.