Jiko la Tano

Jiko la kwanza nililichora Kizota,
kwenye meza yenye taa na rula,
nikalipima kwa saa na kwa mizani:
mkaa nusu kilo, maji lita tano, yakachemka
kabla Chilongani hajamaliza andazi lake.
Tukapeana mikono. Tukalipaka rangi ya fedha.

Wiki ya tatu nikalikuta Mvumi,
nyuma ya tembe ya mama Sechelela,
kuku katagia humo.
Mayai manne. "Linatunza joto," alisema,
wala hakuwa akinidhihaki.
Ndani, mafiga matatu yaleyale yakifuka moshi.

Nikamuuliza, kalamu mkononi:
Mama, unahitaji jiko la namna gani?
"Zuri tu, mwanangu."
Kubwa au dogo?
"La kiasi."
Nikaandika: zuri, la kiasi.
Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

La pili nililiongezea miguu, likayumba.
La tatu, mlango wa kuchochea niliuweka kulia,
naye ni wa mkono wa kushoto,
na sikuwa nimeona, mimi niliyepokea kwake
vikombe sita vya chai.
La nne Chilongani alilichonga nakshi pembeni.
Likanunuliwa na bwana mmoja wa mjini,
akapanda maua ndani yake, akaliweka sebuleni.

Ndipo nikavua viatu.
Nikainama mlangoni (tembe haina heshima kwa mtu mrefu),
nikaketi juu ya gunia la magunzi, nikanyamaza.
Kunyamaza nako ni kazi. Sikufundishwa chuoni.

Maji yakatokota. Akakoroga uji, akauacha uive,
akaongeza unga wa uwele, akaongeza tena,
akaushika mwiko kwa mikono miwili,
na mgongo ukaanza kazi niliyodhani ni ya mkono.
Ugali wa uwele haubembelezwi.
Unaing'ang'ania sufuria,
unataka kuondoka nayo.
Na hapo, bila kutazama,
kama mtu anavyofunga komeo la nyumba yake gizani,
mama Sechelela akanyoosha mguu
akalikanyaga figa,
upande usio na moto, vidole vimekunjwa,
na sufuria ikatulia.

Jiwe lilikuwa na bonde.
Bonde la kisigino, laini, linang'aa,
lililochimbwa jioni baada ya jioni
tangu alipoletwa pale akiwa mwali.

Mama, mbona hukuniambia?
"Nikuambie nini?"
Kwamba unakanyaga.
Akautazama mguu wake
kama mgeni aliyeingia bila hodi.
"Kumbe," akasema.

Nilipima kwa kamba ya kiatu,
maana rula ilikuwa Kizota:
kisigino hadi goti, goti hadi kigoda,
kigoda hadi ukingo wa sufuria.
Nikafunga mafundo matatu
nikapanda pikipiki nimeishika mkononi
kama mtoto aliyetumwa dukani na hela kamili.

La tano ni zito, halina rangi, halina sura.
Limechutama kama chura.
Mbele limetoa ulimi wa bati nene
uliokandikwa udongo usipate joto,
na kwenye ulimi, bonde.
Mlango kushoto. Linakula magunzi,
linakula samadi kavu, mkaa likipewa halikatai.
Lile la kwanza lilichemsha maji mapema zaidi.
Nakiri. Chilongani hunikumbusha kila Jumatatu.

Siku ya kulijaribu hakusema neno.
Alisonga. Mguu ukaenda wenyewe,
ukafika, ukakaa.
Ukaletwa mlenda, tukala,
kuku akizunguka mlangoni akitafuta kiota chake.

Nafunga mzigo, akaja jirani, Mbeleje,
mwanamke mrefu, mtoto mgongoni.
Akalizunguka jiko mara moja, mara ya pili,
akaugusa ulimi kwa kidole cha mguu.
"Zuri," alisema.
"Ila mimi nasonga nimesimama."

Nikavua viatu.