Sentimita Thelathini na Nane

Ubao una mita moja na robo,
upana sentimita thelathini na nane.
Zaidi ya hapo mlango wa bafu haufunguki.
Nimepima mara tatu kwa futi ya chuma niliyostaafu nayo,
na mara zote tatu ukuta umekataa kusogea.

Ghorofa ya sita, Ostrava.
Chumba kimoja, jiko,
dirisha linalotazama madirisha.

Reli zangu ni za moja kwa mia na ishirini:
behewa la makaa hukaa kiganjani.
Lakini hata udogo una kiburi chake.
Kona haikubali kukunjwa
chini ya sentimita thelathini na moja toka kitovu chake.
Ukilazimisha, injini huruka reli,
hulala ubavu,
na magurudumu huendelea kuzunguka, hayajapata habari.

Duara zima ladai sitini na mbili na ushee.
Jikune ujipatiapo.

Nikachora nyuma ya bahasha za bili ya gesi:
nikachora yai, nikachora nane, nikachora figo.
Usiku nikaamka nikachora chumba bila kitanda.

Drahomíra alinitazama, miwani juu ya paji.
Miaka ishirini na saba aliruhusu treni
katika stesheni isiyo hata na kibanda cha soseji.
“Duara la nini?”
“Treni lazima irudi.”
“Treni ya kuzunguka haijafika popote.
Sijawahi kuiaga treni saa mbili kamili
ikanijia mgongoni saa mbili na dakika moja.”

Akaninyang'anya penseli.
Akavuta mstari mmoja toka dirishani,
akaufikisha ukingoni mwa ubao,
akauendeleza hewani kwa kidole
hadi kwenye kabati la nguo.
“Toboa hapa.”

Kabati la bibi yake, mbao za mjozi.
Nilitoboa Jumamosi, mikono ikitetemeka.
Makoti mawili yakahamia kwa dada yake Květa,
viatu vya theluji vikapanda juu ya friji,
na huko gizani, chini ya mapindo ya sketi,
nikalaza reli tatu:
ndiko uliko ulimwengu wote usioenea ubaoni.

Kokoto ni mchanga wa uwanja wa watoto,
nimeuchuja kwa soksi.
Makaa ni machicha ya kahawa.
Majengo ya nyuma yana unene wa kadibodi,
mbele madirisha na mapazia,
nyuma bei ya shayiri.
Niliweka kioo mwishoni mwa njia ili ionekane ndefu,
kisha nikaking'oa:
kila nikiinama, jicho langu lilichungulia,
kubwa kuliko stesheni.

Ratiba ameandika yeye, na haina mzaha.
Jumatano mashine ya kufulia inapokamua
huwa kuna tetemeko;
pembeni ameandika: *huduma zimesitishwa.*

Mimi nilikaza reli usiku.
Yeye alipitisha treni mchana.
Miaka ishirini na saba tuliachiana kitanda kingali na joto,
na zile reli nilizozikaza
sikuwahi kumwona akizitumia.

Saa moja na dakika arobaini na mbili jioni.
Amesimama kando ya friji na gauni la kulalia,
anatazama saa ya ukutani, si mimi.
Mdomo ameukaza.
Anainua mkono, si juu sana,
kiwiko karibu na mbavu,
kiganja kimenyooka kama barua.

Kumbe ndivyo alivyokuwa.

Nasahau swichi.
Kisha naigeuza, na mabehewa manne yanaondoka,
yanapita kiwanda, yanapita kanisa la kadibodi,
la mwisho linamezwa na sketi ya kijivu.

Mkono bado uko juu.
“Sekunde nne,” anasema.
“Umechelewesha watu.”